Mzee Kitsao na Daraja la Kuelea

Nilichokiona kwanza kwa Mzee Kitsao Fondo ni namna alivyosimama. Alitufungulia mlango wa chumba chake kule Bondeni akiwa ametanua miguu kidogo, magoti yamelegea, kama mtu aliyesimama juu ya kitu ambacho wakati wowote kingeweza kusogea. Sakafu ilikuwa ya saruji. Nyumba ilikuwa ya mawe, imejengwa kabla yeye hajazaliwa. Hata hivyo alipotupisha tuingie aliinua mguu, akaungojesha hewani kitambo kidogo, kisha akaushusha taratibu, kana kwamba anaiuliza sakafu kama iko tayari. Nilidhani ana maradhi ya miguu. Sikujua bado kwamba alifanya kazi miaka ishirini na sita juu ya daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa likielea majini, na kwamba miguu yake haijaiamini nchi kavu tangu hapo.

Kufika kwetu mlangoni pake kulikuwa kosa, tena kosa ambalo nadhani lingeweza kutokea Mombasa peke yake.

Ndugu yangu Cynthia Dama, binti wa mama yangu mdogo, hupiga gitaa la umeme. Ana miaka ishirini na miwili, na mchana ni karani katika duka la karatasi na wino. Gitaa lake aliletewa na kaka yake, baharia wa meli ya mizigo, aliyelinunua Ulaya likiwa limeshatumika. Ni jekundu, limechubuka pembeni, na lina kitu ambacho sijakiona katika gitaa jingine hapa kisiwani: mkono mwembamba wa chuma unaotokeza karibu na mahali nyuzi zinapofungwa. Wanamuziki huuita tremolo. Ukiubonyeza mkono huo, kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi, ambacho huitwa daraja, huinama. Nyuzi zote sita hulegea kwa pamoja, na sauti hushuka ikiyumba kama sauti ya mwimbaji anayejizuia kulia. Ukiuachia, daraja hurudi na sauti hupanda pale ilipokuwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Gitaa la Dama lilishuka vizuri sana, ila halikurudi.

Jambo hilo lilikuwa karibu kumharibia bahati yake. Bwana Maxwell Mutunga, mtu wa bara afanyaye kazi bandarini, ana bendi ambayo imepata mkataba wa kupiga katika hoteli moja ya ufuoni kuanzia Desemba hadi Pasaka. Mpiga gitaa wake amekwenda Arabuni kutafuta maisha. Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu wa Septemba Dama alikwenda kujaribiwa katika ukumbi mmoja wa Makupa. Alipiga ubeti wa kwanza, watu wakanyamaza kumsikiliza. Kisha akabonyeza mkono wa tremolo, akauachia, na ubeti wa pili ukatoka umepinda wote. Mpiga ngoma akauliza ni nani aliyemkanyaga paka.

"Vidole unavyo, dada," Maxwell alimwambia. "Shida ni hicho chuma. Nakupa wiki moja. Jumamosi ijayo saa nne uje na gitaa linalokaa sawa. Nyuzi zikitoka tena, nitamchukua yule kijana wa Likoni."

"Naweza kupiga bila kuugusa mkono."

"Na nyimbo zangu nne zinazotaka sauti ya kulia, nitazilia mimi?"

Jumatatu Dama akalipeleka gitaa kwa muuzaji wa ala za muziki mjini. Yule bwana aliligeuza mara mbili, akalirudisha. "Hili ni daraja la kuelea," alisema. "Halikufungwa kwenye mbao, limesimama kwa kuvutwa huku na huku. Mimi huuza tu, sitengenezi. Tafuta mtu anayejua daraja la kuelea."

Siku iliyofuata alinikuta kwa Jamaldin, kinyozi wetu wa Kibokoni, nimefunikwa shuka hadi kidevuni. Akamwamkia Jamaldin kwa heshima, akamuulizia watoto, kisha akasema, "Wewe wawajua watu wote wa kisiwa hiki. Ni nani ajuaye daraja la kuelea?"

Jamaldin hakuuondoa hata wembe shingoni mwangu. "Daraja la kuelea? Si Kitsao! Kitsao wa Daraja. Nendani Bondeni, mukishapita msikiti, nyumba ya pili, mlango wa kijani. Hakuna mwengine aliyebaki."

"Ni fundi mzuri?"

"Fundi! Dada, yule alilala nalo akaamka nalo. Mkewe akilionea wivu."

Dama akanitazama kwa furaha, nami nikamtazama kwa furaha, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi ya hapo. Ndipo tukaenda Bondeni na gitaa begani, tukapiga hodi, akafungua yule mzee mwenye miguu iliyotanuka.

"Shikamoo, Mzee," Dama alisema. "Tumeambiwa wewe ndiye unayejua daraja la kuelea."

Mzee akageuza kichwa, akaita kwa sauti iliyomshinda kidogo: "Mama Fondo! Mama Fondo, njoo usikie! Wamekuja!"

Alituwekea viti viwili, akavifuta kwa kiganja. Mkewe, Mama Mwikali, ambaye yeye humwita Mama Fondo kwa jina la mtoto wao, alikuwa ameketi kwenye cherehani yake karibu na dirisha, akaacha kushona. Kisha Mzee Kitsao akaanza, nasi hatukupata nafasi hata ya kumeza mate.

Alikuja kisiwani mwaka wa hamsini na nne akitoka Kaloleni, kijana wa miaka kumi na tisa. Aliandikwa kazi ya kupaka grisi minyororo. Daraja lile, alisema, lilikaa juu ya matangi makubwa ya chuma yaliyoelea, na matangi yalishikwa pande zote mbili kwa minyororo iliyokwenda chini hadi kwenye nanga. Maji yakijaa daraja linapanda, maji yakipwa linashuka, na siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko siku zote, lilipanda hata ukidhani linataka kuondoka. Kazi ya watu wa minyororo ilikuwa kuhakikisha kwamba linapanda na kushuka lakini haliendi popote. Baada ya miaka sita akawa mkubwa wao. Kila asubuhi alilitembea kutoka kichwa hadi kichwa, polepole, akisikiliza kwa nyayo mnyororo gani umelegea. Mwaka wa themanini daraja jipya la zege likafunguliwa, na lile la zamani likaondolewa vipande vipande. Alisimama ukingoni akatazama. Tangu hapo amekuwa akitengeneza makufuli na mageti kule Makupa. "Kazi njema," alisema, "lakini geti halina maji chini yake."

Dama alifungua kinywa mara mbili, akakifunga. Mzee mwenyewe ndiye aliyesita mwishowe. "Sasa nyinyi," akauliza, "ni watu wa gazeti au wa serikali?"

Dama alifungua mfuko, akalitoa gitaa jekundu, akalilaza juu ya mapaja yake.

Mama Mwikali ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka hata akashika meza ya cherehani. "Baba Fondo! Miaka kumi na mitano wangoja waje kukuuliza habari za daraja, na leo wamekuja, wamekuletea la kupigia nyimbo!"

Nilitamani sakafu ile ya saruji ifunguke. Dama alianza kuomba radhi, akasema tumepoteza njia, akasema kuna Jumamosi na kijana wa Likoni. Mzee Kitsao aliinua mkono kumnyamazisha. Hakuwa amekasirika. Alikuwa analitazama gitaa.

"Hili nalo laelea wapi?"

Dama akamwonyesha. Akabonyeza mkono wa chuma, daraja dogo likainama mbele, akauachia, likarudi. Mzee akaomba kubonyeza mwenyewe kwa kidole kimoja. Alibonyeza, akaachia. Alibonyeza tena.

"Larudi," akasema.

"Larudi, Mzee, lakini si mahali pake."

"Haaa." Akavuta kiti karibu. "Hebu nionyeshe lavutwa na nini. Huku naona nyuzi. Upande wa pili je?"

Kumbe sisi hatukuwa tumewahi kujiuliza. Yeye ndiye aliyeligeuza gitaa kifudifudi, akaona kifuniko cha plastiki mgongoni, akaenda kuleta bisibisi. Ndani mlikuwa na springi tatu. Upande mmoja zimenasa kwenye chuma kinachoshuka kutoka darajani, upande wa pili zimenasa kwenye kibao cha chuma chenye makucha, na kibao hicho kimeshikwa kwenye mbao kwa skrubu mbili ndefu. Nyuzi zinavuta mbele, springi zinavuta nyuma, na daraja limesimama katikati, halikuegemea kitu.

"Mama Fondo," Mzee Kitsao alisema taratibu, "njoo utazame. Wameitia minyororo yangu ndani ya gitaa."

Ugonjwa wenyewe aliuona mara moja. Skrubu moja ilikuwa imezamishwa sana, ya pili imeachwa juu. Kibao kilikaa upande. "Kuna mtu mwenye haraka aliyepita hapa," alisema. Kwa bahati mbaya siku ile hata yeye alikuwa na haraka. Nyuzi zikiwa bado zimekazwa, aliishika ile skrubu iliyolegea akaizungusha mara mbili nzima. Tukasikia mlio mkali. Uzi mwembamba kuliko wote ulikatika, ukamchapa gumba.

Dama aliniangalia. Alikuwa na uzi mmoja tu wa akiba wa namna ile, na yule muuzaji wa mjini alikuwa amemwambia kwamba nyingine haziji kabla ya mwisho wa mwezi.

"Leo basi," Mzee alisema huku akinyonya gumba. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Nimerudia kosa langu la mwaka wa hamsini na saba. Niliwahi kazini kabla ya mkubwa wangu, nikaona mnyororo mmoja umelegea, nikaukaza peke yangu ili nisifiwe. Alipokuja alisimama mwanzoni mwa daraja, akalitazama kwa jicho moja, akaniuliza, 'Kitsao, umeukaza huu. Ule wa pili umeuuliza?' Tulilegeza minyororo yote upande ule, tukaanza upya. Niachieni gitaa hadi Alhamisi."

"Mzee, Jumamosi ndiyo—"

"Jumamosi naijua, mwanangu. Umeitaja mara saba."

Jumatano Dama hakula. Mama Mwikali alitusimulia baadaye kwamba mumewe pia hakula. Alikaa na kipande cha mti na tupa, akichonga, akipima, akichonga tena, na mtu akimsemesha alijibu neno jingine.

Alhamisi alasiri tulikuta ameweka viti viwili vinatazamana, na gitaa limelala juu yake, uso juu, kama daraja kati ya kingo mbili. Nafasi ya katikati ilikuwa wazi, na chini yake ametandika mkeka. Springi zilikuwa zimelegezwa. Nyuma ya chuma kile kinachoshuka kutoka darajani, ndani ya mgongo wa gitaa, alikuwa amepachika kabari ya mti isiyozidi kidole changu kidogo.

"Sikilizeni," alisema. "Tulipobadilisha mnyororo, kwanza tulilitia daraja kabari lisisogee. Nilisahau. Sasa hili halisogei. Mwanangu, tia uzi wako, uzilinganishe zote, na usiwe na wasiwasi kwamba ukikaza huu ule utalegea. Leo haulegei."

Dama alitia uzi wa akiba. Ana kifilimbi kidogo cha kulinganishia sauti. Alikipuliza, akakaza uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Siku zote alipofika wa sita alikuta wa kwanza umeshatoka, akaanza tena, akazunguka vivyo hivyo hadi hasira. Safari hii alifika wa sita, akarudi wa kwanza kuujaribu. Ulikuwa pale pale alipouacha.

Ndipo Mzee Kitsao akalala chali juu ya mkeka, akajisogeza chini ya gitaa, bisibisi mkononi. Alikuwa na miaka sitini, na alijilaza kwa wepesi wa mtu aliyefanya hivyo mara elfu, ndani ya mashua, chini ya matangi ya chuma.

"Sasa nyuzi zaiegemea kabari," sauti yake ilitoka chini. "Nami nazikaza springi. Robo huku. Robo kule. Robo huku. Siku springi zitakapovuta sawasawa na nyuzi, kabari haitakuwa na kazi. Wewe uwe sikio, mimi niwe bisibisi. Sauti ikipanda hata kidogo, sema."

"Na kabari utaitoaje?" niliuliza.

"Haitolewi. Ukiitoa kwa nguvu daraja litakudanganya. Yatoka yenyewe, maji yakisimama."

Maji kusimama ni ile saa ambapo hayajai tena na bado hayajaanza kupwa. Nimeishi kando ya bahari hii tangu utotoni, nimesoma mambo ya nguvu na mizani kwa miaka minne ya chuo kikuu, nikaandika mitihani juu yake, na sasa nayafundisha shuleni. Sikuwahi kukaa nikingoja saa hiyo ifike ndani ya chumba.

Robo huku. Robo kule. Mama Mwikali aliacha kusukuma cherehani. Dama alipitisha kidole juu ya nyuzi kila mara, taratibu, na kila mara alisema, "Bado iko sawa." Niliona mikono ya Mzee tu, na nilishangaa kwamba haikutafuta kitu. Ilikwenda kwenye skrubu hii, ikarudi kwenye ile, kama mtu anayetembea njia anayoijua. Mizunguko ikawa midogo, hata ikawa si mizunguko tena, ni kugusa tu.

Kabari ikaanguka kifuani pake.

Haikutoa sauti yoyote. Aliishika, akaiinua juu tuione. Gitaa lilikuwa limelala pale pale, daraja lake dogo limenyooka sambamba na mbao, halikushikwa na kitu, halikuegemea kitu. Nilijikuta nimeuzuia mkono wangu usiguse kiti.

"Bonyeza," alisema kutoka chini.

Dama alipiga nyuzi zote sita, akabonyeza. Sauti ilishuka, ikashuka, hadi nikahisi kama kiti changu nacho kinashuka. Kisha ikapanda, ikasimama. Akapuliza kifilimbi. Tano zilikuwa mahali pake. Wa tatu ulikuwa juu kidogo, kiasi cha unywele.

Nilikata tamaa mimi, si Mzee. Alitoka chini ya viti, akautembeza ukucha wake juu ya uzi ule, kutoka darajani hadi kwenye shingo ya gitaa, akaishia mwisho kabisa, pale uzi unapopita katika mfereji mdogo. "Mnyororo wakwama hapa. Unakwenda, lakini ukirudi washika. Mwalimu, una penseli?"

Nilikuwa nayo. Alichokoa unga wa risasi yake, akaupaka ndani ya mfereji. Kisha akamgeukia mkewe na kunyoosha mkono.

"Tone moja tu, Baba Fondo," Mama Mwikali alisema akimpa kikopo cha mafuta ya cherehani. "Si ya kuoga."

Tone moja lilitosha kwa ncha mbili za chuma ambazo daraja linazikalia. Dama akabonyeza tena. Safari hii hakupuliza kifilimbi. Hakukuwa na haja. Aliupiga ule wimbo wa Maxwell, ubeti wa kwanza, akaulaza kwa mkono wa chuma mpaka ukalia kweli, akauinua, akaingia ubeti wa pili, nao ulikuwa umenyooka. Nilimtazama Mzee Kitsao. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, ametanua miguu, na sauti iliposhuka magoti yake yalikunjika kidogo, na ilipopanda yakanyooka. Sidhani kama alijua kwamba anafanya hivyo.

"Tena," alisema.

Dama alipiga tena. Alirudia mara kumi na nne, nami nilizihesabu, na mara zote kumi na nne daraja lilirudi mahali pake.

Hayo yalikuwa jana. Leo ni Ijumaa, na nimeamua kuandika habari za mtu huyu kabla mambo mengine hayajanizonga. Asubuhi Bwana Maxwell alileta ujumbe kwamba kesho kijana wa Likoni atapiga kwanza, kisha Dama, na kwamba uamuzi utatolewa hapo hapo. Dama yuko chumba cha juu, anaupiga ule wimbo bila kuunganisha umeme ili majirani wapate kupumzika. Anaulaza, anauinua. Sisikii kosa, ila sikio langu si la Maxwell.

Mzee Kitsao naye atakuja Makupa. Mama Mwikali amekwisha kumpigia pasi shati jeupe, na amemkataza kusimulia habari za mwaka wa hamsini na nne kwa mtu yeyote kabla jina la Dama halijaitwa. Kinachomsumbua Mzee ni paa la ukumbi, kwa kuwa amesikia ni la bati. Anasema chuma hurefuka kwa joto, minyororo yake ilirefuka kila mchana wa Februari, na nyuzi hazina sababu ya kufanya vingine. Anataka gitaa lifike mapema, litolewe mfukoni, lizoee joto la mahali pale, kisha Dama alinganishe tena kwa utulivu. Tulikubaliana kuondoka kesho saa mbili asubuhi. Sasa hivi nimesikia hodi chini, nikachungulia dirishani. Ni yeye, bisibisi mfukoni mwa shati, anamuuliza mama mdogo kama hatuwezi kuondoka saa moja.